Nchi Nisiyo na Mtani

Songambele, Kyerwa
Kiangazi, kahawa ikiwa kwenye mikeka

Dada Editha,

Shikamoo. Na kabla hujaendelea, inua macho umpe mama shikamoo yake, maana najua amekaa hapo ubavuni kwako na sikio lake zima limeelekea kwenye karatasi hii. Mwambie mwanawe ni mzima, anakula, na hajakonda. Swali la kama nimepata mke mwingine liruke. Miguu yake inaendeleaje? Na kifua chako wewe, vumbi la korosho limekiachia? Na huyo mumeo Komba, Mngoni uliyetuletea nyumbani bila kutuuliza, bado anavuta hewa yetu?

Utasema, kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ipo, dada, lakini mtandao uko juu ya kilima, na nikishapanda huku nahema, nyie mnapokezana: wewe unaniuliza nimekula nini, mama ananiuliza nimekula nini, Komba anauliza ni nani huyo mwenye moyo wa kunilisha, salio linakwisha. Limenipata jambo ambalo haliingii kwenye simu. Msomee mama polepole, na pale nilipofanya upumbavu usipunguze sauti, maana atajua.

Kazi yangu unaijua. Natembea, natazama watu wanavyoishi, naandika makala za gazetini za kuwachekesha wengine. Nimekaa Singida, nimekaa Mpanda, nimekaa mpaka nimesahau nilikokaa, na kote nilikopita Mtanzania ni yule yule. Atakuuliza kabila lako kabla hujaketi, na ukishamjibu atakwambia kwa fahari kwamba sisi hapa hatuna ukabila. Atakwambia "nakuja" huku anaondoka. Atakukaribisha chakula huku moyoni anaomba useme umeshiba, na wewe utasema umeshiba huku unaomba akulazimishe. Maneno kama hayo ndiyo yaliyonipa ugali miaka yote hii. Lakini watu wa huku walinishinda kuwaandika, na nilikuwa nimekaa nao misimu miwili.

Kwanza, huwaoni. Kwetu nyumba inatazama barabara, na mtu akipiga chafya mtaa mzima unamwambia pole. Huku kila nyumba imejificha ndani ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, migomba juu na mibuni chini yake. Unaweza kutembea kijiji kama Kanoni asubuhi nzima ukadhani watu wote wamehama, kumbe kila mtu amekuona, na jioni utaambiwa hata viatu ulivyovaa.

Halafu ni wapole mpaka unashindwa pa kuwashika. Nilipokuwa Kihanga nilimwita mzee mmoja Mhaya, nikidhani namsifu. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma akasema, "Wahaya wako Bukoba, mwanangu, ndio waliosoma. Sisi huku ni Wanyambo, tunalima." Nikaomba radhi. Akanipa mkungu wa ndizi nibebe, nikaubeba mpaka Kayanga, nilikokuwa nakaa wakati ule, kwa aibu yangu yote. Hata majina yao yana adabu. Sisi mapadri walipotuletea watakatifu tulichukua wale wa karibu, Yohana na Petro. Hawa waliingia stoo kabisa: nina jirani Projestus, nina jirani Evodius, na fundi wangu wa viatu ni Deusdedit.

Nikwambie sasa kilichoniumiza. Wewe na mimi tulizaliwa ndani ya Kiswahili, hatuna lugha nyingine ya maana, zaidi ya yale maneno machache ya Kimwera ambayo bibi alitutukania. Huku Kiswahili ni nguo ya kanisani. Wakiniona nakuja wanaivaa haraka, wanaifunga vifungo vyote: "Habari za kutwa, Mwalimu? Kazi zinaendeleaje?" Nikipita, wanaivua, wanarudi kwenye Kinyambo chao, na hapo ndipo nasikia wanacheka. Mwalimu ndilo jina langu, maana huku mtu mwenye kalamu mfukoni ama ni mwalimu ama amekuja kupima ardhi. Nimeishi misimu miwili nikisikia watu wanacheka nyuma ya migomba, wala si kwa ubaya, lakini hakuna hata mmoja aliyecheka nami.

Sina mtani huku, dada. Fikiria. Hakuna mtu wa kunizuia njiani akasema nimlipe ndipo nipite, hakuna wa kuniambia kichwa changu kama kitunguu. Labda wao kwa wao wanataniana kwa koo zao, sijui, mimi ukoo sina. Naheshimiwa tu, asubuhi na jioni. Heshima bila utani ni kama kulala kitanda kikubwa peke yako, unageuka huku na huku, hugusi mtu.

Isipokuwa kwa Mzee Theonest. Huyu ndiye aliyenipa chumba hapa Songambele, chumba cha uani, dirisha lake linatazama migomba. Siku nilipokuja kuuliza chumba nilianza kujieleza mlangoni, kwetu wapi, kazi gani, nakaa muda gani. Akakohoa mara mbili, akaisukuma kofia yake nyuma, akasema, "Kwanza tukae, waitu. Neno la kusimama halina mizizi." Waitu ni neno lao la heshima, kama kusema ndugu yangu mpendwa. Tukakaa kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni. Mkewe, Ma Leokadia, akaleta kikapu kidogo chenye punje kavu nyeusi. Nikajua ni dawa ya wageni. Nikachukua tatu nikazimeza kwa mate. Kumbe ni kahawa, dada, wanaichemsha na majani yenye harufu nzuri, wanaikausha na ganda lake, na mgeni anapewa atafune. Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Tafuna, Mwalimu," akasema, "huumwi." Nilihamia kesho yake.

Tangu hapo jioni zangu zilikuwa zake. Alikuwa na desturi ya kupita kibanjani akiigombeza migomba, na ule uliochelewa kuzaa aliusimamia mbele akauambia, "Wewe unakula samadi yangu kama mwandishi." Alijua nasikia. Kisha angeingia nyumbani na kusema maneno yake yale yale, kwanza tukae, na Ma Leokadia angejibu yale yale, "Kaa wewe mwenye nafasi, mimi nina maharage jikoni." Kila siku. Sikuchoka kusikia. Hakujua kwamba kule kunisema kwa mgomba ndiko kulikonifanya nisihame.

Amefariki, dada. Alianguka kibanjani akiwa amesimama, yeye aliyekataza watu kuzungumza wamesimama. Wanasema ni presha. Mimi ndiye niliyemkuta.

Siku ya msiba huku hakuna anayeshika jembe. Watu walitoka ndani ya migomba, wengi ambao sikuwahi kujua kama wapo, wakakaa kimya. Mtu anazikwa humo humo katika kibanja chake, kwa hiyo kaburi lilichimbwa hatua chache kutoka dirishani kwangu. Katekista akaomba, kwaya ikaimba, watu wakalia kwa sauti ya chini. Nikajikuta natazama njia kila mara, kama mtu anayengoja basi, na sikujua nangoja nini. Baadaye nikaelewa. Nilikuwa nangoja watani.

Unakumbuka baba alipozikwa. Mama alikuwa hatamki neno, hali, halii. Komba, mtani kabla ya kuwa mkwe, akaruka akaingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo wa marehemu, na kwamba marehemu alimwahidi mchumba pia. Kisha akatembea kama baba, ule mguu wa kushoto ukiburuta, akamwita mama kwa jina lile alilomwita baba peke yake. Na mama akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakatoka, na jioni ile akala. Mimi nilikua nikijua hivyo ndivyo watu wanavyozikwa. Mtu asipoigizwa amezikwa nusu.

Pale hakutokea mtu. Ma Leokadia alikaa wima, hatamki neno, hali, halii. Kofia ya mzee ilikuwa juu ya kigoda karibu na jeneza. Dada, miguu ilinitangulia. Niliichukua, nikaivaa, nikaisukuma nyuma, nikakohoa mara mbili, nikasema, "Kwanza tukae, waitu. Mnanikimbiza wapi, na kahawa yangu haijaanikwa?"

Sauti ilitoka yake kabisa. Hilo ndilo lililoharibu. Ningeigiza vibaya wangesema ni pombe ya ndizi. Kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti. Mama mmoja alifunika uso kwa khanga. Nikasubiri mtu acheke, kama unavyosubiri mwenzako ashike upande wa pili wa mzigo, na mzigo ukabaki mikononi mwangu. Novati, mdogo wake marehemu, akaja akanivua kofia ile taratibu, kama unavyomvua mtoto aliyelala, akairudisha kwenye kigoda. Kwaya ikaanza upya.

Hakuna aliyenigombeza. Wangenizaba kibao ningejua niko kwetu. Siku zote za matanga nilikaa na wafiwa, na kikapu cha kahawa kilizunguka, kikafika kwa jirani yangu wa kushoto, kikanipita, kikapokelewa na wa kulia. Kila aliyekishika alinitazama kwa upole. Nilimfuata Novati nikamweleza habari za utani, Wangoni na Wamwera, vita vya mababu, baba na jogoo, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante kwa maelezo, Mwalimu." Kisha akatazama chini, akasema, "Matanga yakiisha, chumba kitahitajika."

"Kitahitajika na nani?"

"Kitahitajika tu, waitu."

Nilirudi chumbani nikakaa juu ya begi. Nikwambie kweli yangu ambayo hata kwenye makala sijaiandika: maisha yangu yote nikiudhi watu nahama, na kuhama huko nakuita kazi. Mke wangu alikwambia hivyo siku alipoondoka, na mimi nikasema haelewi fasihi. Safari hii sikutaka kuhama. Nilitaka watu hawa wanisamehe, nibaki nao. Nilimtaka mzee wangu, kwanza, na kama hapatikani basi nilitaka niwe karibu na kaburi lake, nilione kupitia lile dirisha. Nililia, dada. Mama usimsomee hapa, au msomee, yeye ndiye aliyenifundisha.

Asubuhi ya siku ya kuondoka nilikuwa nakunja mashati. Ma Leokadia akaja akasimama mlangoni. Tangu mazishi hakuwa amenisemesha. Mkononi alishika kofia.

"Mwalimu," akasema, "leo nimeamka nikaitafuta sauti yake. Nimepata kikohozi tu. Maneno sikuyapata."

Nikamwambia, "Mama, nilikosa siku ile. Nisamehe."

"Najua ulikosa. Nimekuletea kosa lako, lirudie."

Niliivaa kofia. Nikaisukuma nyuma, nikakohoa mara mbili, nikasema, "Kwanza tukae, waitu. Neno la kusimama halina mizizi."

Na yeye, aliyekuwa amesimama, akajibu palepale, hata hakufikiri, kwa sauti ya kuchoka na kujidai ambayo wewe na mimi tunaijua kwa kila mke duniani: "Kaa wewe mwenye nafasi, mimi nina maharage jikoni." Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Akaketi pale mlangoni chini. Akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, halafu kicheko kikageuka, akalia kilio kile ambacho hakuwa amekilia. Mimi nikaketi pembeni na kofia kichwani, sikujua kama niivue. Nikaigombeza na migomba kidogo kupitia dirishani, hasa ule uliochelewa kuzaa, akalia zaidi, akaniambia niendelee.

Alipomaliza alijifuta, akanitazama kwa makini. "Lakini kukohoa hujui," akasema. "Yeye alikohoa kama mwenye nyumba. Wewe unakohoa kama mbuzi aliyekula karatasi. Na hayo mashati, huko kwenu kwenye korosho mnakunja hivi? Mwanaume mzima."

Dada, nimetukanwa. Baada ya misimu miwili ya habari za kutwa na kazi zinaendeleaje, mtu ameniita mbuzi, na Kiswahili chake hakikuwa na kifungo hata kimoja kilichofungwa.

Mchana ule ndugu walikaa kufunga matanga. Novati akataja habari ya chumba, kwa upole wake. Ma Leokadia akasema, "Ni kweli, chumba kinahitajika. Kinahitajika kiwe na mtu." Wakazungumza kwa Kinyambo muda mrefu, mimi nikitazama nyasi. Mwishowe Novati akanyanyuka, akachukua kikapu cha kahawa, akavuka watu wote, akakishika mbele yangu. Nikachukua tatu. "Tafuna," akasema, na nadhani mdomo wake ulitaka kucheka.

Kwa hiyo bado nipo, na upweke bado upo, usije ukadhani umekwisha. Nikitoka nje ya ua huu naheshimiwa vile vile. Jioni, saa ile aliyokuwa anaingia, nyumba inakuwa na shimo, na Ma Leokadia na mimi tunalizunguka bila kulisema. Lakini angalau tuko wawili wa kulizunguka.

Sasa salamu. Mama, mwambie nitakuja msimu wa korosho, nitakaa mpaka anichoke, kisha nitarudi huku. Hilo la kurudi huku mwambie akiwa ameshiba. Msalimie mjomba wetu mwenye cherehani, na shangazi yule asiyekubali kwamba mimi ni mtu mzima, na binti yako mwalimu wa shule ya msingi, mwambie awe anasoma makala zangu hata kama hazichekeshi. Wajukuu wote wapake salamu kichwani. Mke wangu wa zamani, ukimwona sokoni, mwambie alikuwa anaielewa fasihi. Na Komba mwambie aandike barua, ukurasa mmoja tu, asiweke hata neno moja jema. Nitaibandika ukutani.

Nilikuwa nimeshaweka kalamu chini hapo, lakini nimeirudia. Jana mchana tulikuwa tunaanika kahawa, Ma Leokadia na mimi, tumeinamia mkeka. Akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu, ukifa, nani anaijua sauti yako?"

Nikamtajia: dada yangu, mama, na Mngoni mmoja.

"Wako mbali," akasema. "Maiti haisubiri basi la Lindi."

Nikaendelea kusambaza kahawa. Yeye akasimama, akajinyoosha mgongo, akaweka mkono kwenye paji la uso kuzuia jua.

"Tembea mpaka pale kwenye mgomba, urudi, na useme chochote," akaniambia. "Usijikaze. Tembea kama siku zote."

"Ya nini?"

"Nikutazame vizuri."

Nikatembea.

Ni mimi mdogo wako,
Ladislaus